Mabua, tanini, mlonge au mimea hai: uchague nini kuzuia mlipuko wa mwani wenye sumu

Njia za kutumia mimea dhidi ya mwani wenye madhara ni nyingi kwenye karatasi za utafiti, lakini zile ambazo mwenye bwawa anaweza kuzitekeleza kwa mikono yake ni nne: kuozesha mabua makavu majini, kuweka tanini na polifenoli nyingine (kemikali za mimea, kama zile za majani ya chai), kutumia unga wa mbegu za mlonge, na kupanda mimea ya majini iliyo hai. Zote nne huitwa za asili, na watu huzichukua kana kwamba zinafanya kazi moja. Hazifanyi. Mabua na mimea hai huzuia mwani usiongezeke. Tanini na mlonge hushughulika na mwani ambao tayari umeanza kujaa. Anayeweka mabua wakati maji yameshakuwa kijani atangoja wiki kadhaa bila kuona mabadiliko, kisha ataamua kwamba mabua ni uongo. Anayemwaga tanini kila mwezi katika bwawa kubwa atabeba magunia hadi achoke, na mwani utarudi kila mara.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: mlipuko umeshatokea, au bado?

Ujue kwanza ni mwani gani

Maji ya kijani yanaweza kuwa na mwani wa kijani wa kawaida, unaokera na kuziba vichujio lakini mara nyingi hauna sumu, au sianobakteria, wale wanaoitwa mwani wa kijani-buluu: Microcystis, Dolichospermum (zamani Anabaena), Planktothrix na jamaa zao. Hawa wa pili ndio hutoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini, na sumu nyingine za neva.

Vipimo viwili vya haraka havihitaji maabara. Vaa glavu za mpira, chovya fimbo kwenye utando na uinyanyue. Ikitoka na nyuzi ndefu zinazoning'inia, huo ni mwani wa kijani wa nyuzi. Ikitoka imefunikwa sawasawa kama iliyopakwa rangi, wahofie sianobakteria. Kipimo cha pili: jaza robo tatu ya chupa ya kioo kwa maji yaliyo chini kidogo ya utando, ifunike, iweke kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, duara la kijani likiwa limepanda juu, ni dalili ya sianobakteria, kwa sababu chembe zao zina vifuko vya gesi vinavyoelea. Ukijani ukikaa chini au ukitawanyika kote, huenda ni mwani wa kawaida. Vipimo hivi vinatambua kundi tu; kiasi cha sumu havikionyeshi.

Tofauti hii ina uzito katika uchaguzi wa dawa za mimea. Sianobakteria wana kinga dhaifu dhidi ya haidrojeni peroksaidi na kemikali nyingine za oksijeni kali kuliko mwani wa kijani, na dawa nyingi za mimea hufanya kazi kwa kuzalisha kemikali hizohizo. Ndiyo maana kipimo kilekile cha mabua au tanini huweza kumdhoofisha Microcystis na kuuacha mwani wa kijani ukistawi kando yake.

Mabua makavu: ya shayiri, na ya mpunga

Hii ndiyo njia yenye historia ndefu zaidi ya matumizi nje ya maabara. Ilianza kuchunguzwa kwa makini Uingereza miaka ya 1980 na kuendelea, na imejaribiwa katika mifereji, mabwawa ya bustani na hata hifadhi za maji. Bua lenyewe halina dawa ndani yake. Kuvu na bakteria hulioza mahali penye oksijeni, lignini (kitu kinachokaza bua) inavunjika na kutoa polifenoli, na hizo zikipigwa na jua kwenye maji yenye hewa hutoa peroksaidi kidogokidogo. Kiwango hicho ni kidogo mno kuua mwani uliokomaa, lakini kinatosha kuzuia chembe mpya zisigawanyike.

Kutokana na hilo, masharti yote ya mabua yanaeleweka: yanahitaji hewa, jua, muda, na maji yasiyo na tope jingi.

Kipimo huhesabiwa kwa eneo la uso wa maji, wala si kwa ujazo, kwa kuwa mwani unaoelea huishi tabaka la juu. Bwawa lenye mwani wa kadiri huanza na gramu 25 za mabua makavu kwa kila mita ya mraba. Lililokuwa na milipuko mikali msimu uliopita linaweza kuanza na gramu 50. Baada ya msimu wa kwanza mzuri, gramu 10 zatosha kulishikilia. Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 30: eneo ni mita za mraba 600, kwa hiyo gramu 25 zinakupa kilo 15 za mabua. Gawa katika mifuko 15 ya wavu ya kilo moja moja, kila mmoja uhudumie kama mita za mraba 40. Mifuko midogo mingi ni bora kuliko mzigo mmoja mkubwa, kwa sababu kemikali hizi hazisafiri mbali kabla ya kumezwa na tope au kuliwa na bakteria.

Tumia wavu wenye matundu, kama ule wa kufungia vitunguu. Jaza mabua kwa ulegevu, kiasi kwamba ukibonyeza mfuko vidole vinazama ndani. Funga chupa tupu ya plastiki ndani yake ili uelee hata mabua yakilowa, kisha ufunge kamba na jiwe la kuushikilia. Mfuko ukae ndani ya mita moja ya juu. Ukizama kwenye tope haufanyi chochote.

Kosa linaloharibu zoezi hili mara nyingi ni kutupa robota zima lililofungwa kwa waya. Katikati ya robota hakuna oksijeni, uozo unageuka wa aina nyingine, na badala ya polifenoli unapata gesi ya salfaidi na maji yasiyo na hewa. Ishara ziko wazi: baada ya wiki tatu hadi nne toa mfuko mmoja na unuse. Mabua yaliyo sawa huwa ya kahawia, laini, yenye utelezi mwembamba na harufu ya udongo wa msituni. Yakinuka mayai viza na kuwa meusi katikati, yafungue, yagawe upya kwenye mifuko midogo, na uyasogeze yanapopata upepo.

Muda unategemea joto. Maji yakiwa chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi, mabua huchukua wiki sita hadi nane kabla ya kuanza kuzuia. Yakiwa zaidi ya nyuzi 20, wiki moja au mbili. Baada ya hapo hufanya kazi kwa takriban miezi sita, ingawa kwenye maji ya joto mwaka mzima yanaisha mapema kwa kuwa yanaoza kwa kasi. Weka mafungu mapya mwezi mmoja kabla ya ya zamani kwisha ili pasiwe na pengo. Maji yenye tope yanahitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa sababu udongo unanasa polifenoli.

Mabua ya mpunga ni mbadala wa kweli. Dondoo lake limeonyesha katika maabara kwamba linamzuia Microcystis aeruginosa, na miongoni mwa kemikali zilizopimwa mojamoja asidi ya salisiliki ilikuwa kati ya zenye nguvu zaidi. Anza na kipimo kilekile cha shayiri. Nyasi mbichi na majani mabichi yasitumike kabisa: bua kavu lina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, karibu 80 kwa 1, ilhali nyasi mbichi huoza haraka, hunyonya oksijeni na kumwaga virutubisho ambavyo mwani unavingoja. Epuka pia mabua ya shamba lililopigwa dawa ya kuua magugu karibu na mavuno.

Udhaifu wake lazima usemwe waziwazi. Matokeo hayafanani. Mabwawa mawili yaliyo jirani yanaweza kupewa mabua yaleyale, moja likasafika na jingine lisibadilike. Baadhi ya spishi hazijali kabisa: Prymnesium parvum, mwani wa maji ya chumvichumvi unaoua samaki, haukuzuiwa na dondoo la mabua ya shayiri. Katika majaribio ya mwani wa baharini, dondoo hilo lilizuia baadhi ya spishi na kuchochea nyingine. Nchini Marekani, mamlaka ya mazingira haijayasajili mabua haya kuwa dawa ya kuua mwani, hivyo muuzaji haruhusiwi kuyauza kwa jina hilo.

Tanini na polifenoli: kuruka hatua ya kuoza

Wazo hapa ni kuweka moja kwa moja kile ambacho bua lingekitoa baada ya wiki nyingi. Msingi wake ni imara. Mmea wa majini Myriophyllum spicatum hutoa polifenoli nne zinazomzuia Microcystis: asidi ya galiki, asidi ya elajiki, pirogaloli na katekini. Katika maabara, pirogaloli na asidi ya galiki huzuia nusu ya ukuaji kwa takriban miligramu 1 kwa lita au pungufu. Zile nyingine mbili zinahitaji karibu miligramu 5. Zikiwa pamoja huongezeana nguvu.

Hata hivyo, usinunue pirogaloli safi. Ni sumu kwa mshikaji na kwa viumbe vya majini. Kinachofaa ni tanini ya unga, kwa mfano ile ya gome la muwati, inayotumika pia kutengeneza ngozi na, baada ya kurekebishwa kikemikali, kugandisha uchafu kwenye mitambo ya maji.

Bwawani hali ni ngumu kuliko kwenye chupa, maana tope, mabaki na bakteria hula tanini kabla haijafika kwenye mwani. Kwa hiyo kipimo cha kitabuni hakikusaidii mpaka ujaribu kwa maji yako mwenyewe. Yeyusha gramu 1 ya unga katika lita 1 ya maji safi. Sasa mililita 1 ina miligramu 1. Panga chupa tano angavu zenye lita moja moja ya maji ya bwawa. Moja usiitie kitu. Nyingine zitie mililita 2, 5, 10 na 20. Ziache wazi mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali la moja kwa moja, kwa siku saba. Kila asubuhi zipange mbele ya karatasi nyeupe, uzikoroge, ulinganishe ukijani na ile isiyotiwa kitu. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichopunguza ukijani, na hicho ndicho cha bwawa.

Sasa fanya hesabu, na hapo wengi hubadili nia. Bwawa letu la mita za mraba 600 likiwa na kina cha wastani cha mita 1.2 lina mita za ujazo 720. Miligramu 10 kwa lita ni gramu 10 kwa kila mita ya ujazo, jumla kilo 7.2 za unga uleule uliojaribu kwenye chupa. Na hiyo ni dozi moja.

Polifenoli hizi huoksidishwa upesi, hasa pH ikizidi 8, na bwawa lenye mlipuko hufika pH 9 alasiri. Uoksidishaji huo ndio unaomchoma mwani, lakini pia ndio unaomaliza dawa. Dozi ndogo za kurudiarudia, tuseme robo ya kipimo kila siku mbili, hufaa kuliko kumwaga yote mara moja. Mmea hai nao hufanya hivyohivyo, hutoa kidogo bila kukoma. Maji yatageuka rangi ya chai, na rangi hiyo peke yake husaidia kwa kukata mwanga. Kama maji yana chuma kingi, kutoka kisimani au kwenye tangi lenye kutu, tanini itayageuza meusi ya buluu. Si hatari kubwa, lakini nguo na kuta zitashika doa. Katika bwawa la samaki usifanye haraka: tanini nyingi hudhuru mashavu ya samaki, na vifaranga ndio hutangulia.

Mbegu za mlonge: za matangi, wala si za maziwa

Mlonge hufanya mambo mawili. Protini za mbegu zake zina chaji chanya, hivyo hukusanya chembe zenye chaji hasi, mwani ukiwemo, kuwa mabonge. Pia humdhoofisha Microcystis moja kwa moja: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, miligramu 4 na 8 za mbegu zilizosagwa kwa lita hazikupunguza ukuaji hata kidogo, lakini kuanzia 20 hadi 160 mwani uliacha kukua na kuanza kupungua. Hilo linakupa mpaka ulio wazi: chini ya miligramu 20 unapoteza mbegu.

Menya mbegu zilizokauka, ondoa ganda na mabawa, ubakishe kiini cheupe. Twanga, uchekeche. Kiini kina mafuta asilimia 35 hadi 40, na ukiweza kuyakamua kwanza ufanye hivyo. Protini inayotakiwa hubaki kwenye mashudu, na maji hayapati mafuta yatakayooza. Koroga gramu 10 za unga katika lita 1 kwa dakika tano, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyohiyo. Dondoo lililolala hupoteza nguvu na huanza kunuka. Katika tangi, koroga haraka kwa dakika moja au mbili ili lienee, kisha polepole kwa dakika 10 hadi 15 ili mabonge yakue, halafu acha yatulie saa moja au mbili.

Jihadhari na jambo moja ambalo maelezo ya kusafisha maji ya mto hayalitaji. Tope huzama, Microcystis huelea. Mabonge yanaweza kupanda juu badala ya kushuka, na ukifungua bomba la chini ukidhani uchafu umelala huko, utatoa maji safi na kubakiza sumu. Tazama tangi kwanza. Kilicho juu kiondolewe kwa kijiko kikubwa cha wavu mwembamba, kizikwe mbali na maji na mifugo.

Kwa tangi la mita za ujazo 5, miligramu 40 kwa lita ni gramu 200 za mbegu, kazi ya nusu saa. Kwa bwawa letu la mita za ujazo 720 ni karibu kilo 29 zilizomenywa, ambazo zote ni chakula cha bakteria zisipoondolewa. Ndiyo maana tunasema wazi: mlonge usiumwage bwawani.

Mimea hai: polepole, na ndiyo inayodumu

Ceratophyllum demersum, jamii ya Myriophyllum, na mwani mkubwa wa Chara hushindana na mwani mdogo kwa njia nyingi kwa pamoja. Hutoa kemikali za kuzuia, hunyonya virutubisho, hutia kivuli, hutuliza tope, na huwapa hifadhi Daphnia, viumbe vidogo vinavyokula mwani. Ziwa lenye kina kifupi huwa na hali mbili zinazojiimarisha zenyewe: maji angavu yenye mimea, au maji ya kijani yasiyo na mimea. Kulitoa katika hali moja kwenda nyingine ni kazi, lakini likishavuka hujishikilia.

Ceratophyllum ni rahisi kuanza nao kwa kuwa hauna mizizi. Vipande vikitupwa majini huendelea, na huchukua chakula chake kwenye maji yenyewe, palepale mwani unapokichukua. Tatizo ni mwanga. Teremsha sahani ya Secchi, ile ya kipenyo cha sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, mpaka ipotee machoni. Ikipotea kwenye sentimita 30, mimea ya chini haitashika kwenye mita moja na nusu; anza kando penye kina kifupi. Lenga mimea ifunike theluthi ya bwawa au zaidi, vinginevyo usitarajie maji kubadilika. Samaki wanaochimbua tope hung'oa kila kitu, basi zungushia wavu msimu wa kwanza.

Chagua mmea ambao tayari unaishi katika maji ya eneo lako. Myriophyllum spicatum ulioleta matumaini maabara ni gugu vamizi Amerika Kaskazini. Gugumaji nalo lina kemikali zinazozuia mwani kwenye mizizi yake, lakini hakuna sababu inayotosha ya kulipeleka mahali lisipokuwepo. Na mimea ikijaa, ivunwe na kutolewa nje kabisa ya bwawa; ikiachwa ioze ndani, fosforasi yote inarudi.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Mabua | Tanini | Mlonge | Mimea hai |
|---|---|---|---|---|
| Hufaa lini | Kabla ya mlipuko | Mlipuko unapoanza | Mlipuko upo, maji machache | Kabla, kwa miaka |
| Kipimo cha kuanzia | g 10–50 kwa m² | Kulingana na jaribio la chupa | mg 20–160 kwa lita | Theluthi ya eneo |
| Matokeo huanza | Wiki 1–8 | Siku chache | Saa | Msimu hadi miaka |
| Hudumu | Karibu miezi 6 | Siku | Kwa usafishaji ule mmoja tu | Ikitunzwa, bila kikomo |
| Hatari kuu | Oksijeni kushuka | Samaki, doa, gharama | Mabaki kuoza | Kuvamia, kuziba |

Mrututu (salfeti ya shaba) na haidrojeni peroksaidi havimo kwenye jedwali, lakini mtu anayechagua atavifikiria tu. Mrututu huua haraka, na shaba hubaki kwenye tope milele. Peroksaidi ndiyo mshindani wa kweli: katika Ziwa Koetshuis nchini Uholanzi, miligramu 2 kwa lita zilizosambazwa sawasawa zilimwangusha Planktothrix agardhii ndani ya siku chache bila kuwaangamiza viumbe vidogo, kisha dawa ikageuka maji na oksijeni. Kwa ziwa lenye mlipuko sasa hivi, na wataalamu wenye vifaa vya kupima, peroksaidi inaizidi tanini.

Kuhusu artemisinini, berberini na kemikali nyingine safi za mimea: nguvu zake kwenye chupa ni za kweli, na kuna kazi nzuri ya kuzifunga katika chembechembe zinazoachia dawa polepole. Kwa bwawa bado ni ghali na hazina kipimo cha kuaminika cha matumizi. Ziache kwa watafiti.

Na dawa isiitwe salama kwa sababu tu imetokana na mmea. Utupa na mimea mingine yenye rotenoni huua samaki. Mashudu ya mbegu za chai yenye saponini hutumiwa makusudi kuondoa samaki kwenye mabwawa ya kufugia kamba. Dawa ya aina hiyo ikiua Daphnia, umewaondoa walaji wa mwani na mlipuko ujao utakuwa mkubwa zaidi.

Uchague nini, kwa hali yako

Bwawa la bustani au la kumwagilia lisilo na mlipuko sasa: mabua, kuanzia mwezi mmoja kabla ya msimu, pamoja na kupanda mimea kandokando. Huu ndio uchaguzi wetu kwa watu wengi, kwa sababu gharama ya kukosea ni ndogo.

Bwawa la samaki lenye msongamano: anza na chakula. Chakula kinachobaki bila kuliwa ndicho kinacholisha mwani, na hakuna bua litakaloshinda fosforasi inayoingia kila siku. Ukishapunguza, tumia mabua gramu 10 hadi 25, mashine ya kuingiza hewa ikiwa tayari. Pima oksijeni alfajiri kabla jua halijatoka, maana ndipo inapokuwa chini kabisa. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, toa nusu ya mifuko siku hiyohiyo. Maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni takriban miligramu 7.5 tu, ya nyuzi 10 zaidi ya 11, hivyo kipimo kilichofaa mahali pa baridi kinaweza kuua samaki mahali pa joto.

Tangi au kisima kidogo cha kunyweshea mifugo: mlonge, mabonge yakiondolewa. Kidimbwi kidogo chenye mlipuko unaoanza, bila samaki wachanga: tanini, baada ya jaribio la chupa.

Maji ya kunywa ya watu: hakuna kati ya hizi inayotosha. Mabua na mimea vinaweza kupunguza mzigo wa hifadhi, lakini mtambo wa kusafisha unahitajika. Kuchemsha hakuiondoi mikrosistini. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu inakolea.

Baada ya mwani kufa

Kipindi cha hatari zaidi ni siku zile maji yanapoonekana kupendeza. Sumu nyingi hukaa ndani ya chembe hai, na chembe ikipasuka humwagika majini, iwe imeuawa na mrututu au na dondoo la mmea. Mwaka 1979 katika Kisiwa cha Palm, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu kuua mwani, na watu 148, wengi wao watoto, wakaugua ini na figo. Kiini cha mkasa ule kilikuwa kifo cha ghafla cha mwani, na tanini ya dozi kubwa inaweza kufanya vilevile.

Kwa hiyo usitibu bwawa zima siku moja. Tibu theluthi, subiri siku saba hadi kumi na nne, kisha theluthi nyingine. Hilo pia hulinda oksijeni, kwa kuwa mwani unaooza huinyonya, na amonia hupanda wakati huohuo. Zuia mifugo, mbwa na watoto kwa muda wote huo. Mikrosistini inaweza kubaki majini kwa siku nyingi hadi wiki kadhaa baada ya ukijani kutoweka, hivyo kabla ya kuruhusu matumizi peleka sampuli ipimwe. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa mikrosistini-LR ni mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya maisha yote, 12 kwa matumizi ya muda mfupi, na 24 kwa kuogelea. Sampuli ichukuliwe mahali pawili: katikati ya bwawa, na kwenye ukingo ule upepo unakosukumia maji, kwa kuwa ndiko mabaki hujikusanya na ndiko wanyama hunywea.